Kusoma Injili ya Marko kwa wiki sita na kusali kutokana nayo: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ya wanaoanza kusoma Biblia hayabadiliki. Nianzie wapi? Nitumie toleo gani? Nisome sura ngapi kwa siku? Mbona nikimaliza kusoma sijui niombe nini? Wengi huanza na Mwanzo mwezi Januari, wakaenda vizuri hadi katikati ya Kutoka. Kuanzia sura ya 25 wanakutana na vipimo vya hema ya kukutania, yaani hema ya ibada ya Waisraeli jangwani, wanajikongoja, na wakifika Walawi wanafunga kitabu. Hapo hakuna uvivu. Wamejipangia kazi kubwa mno kwa kuanzia.

Hapa utapewa kitabu kimoja tu, Injili ya Marko: wiki sita, siku tano kwa wiki, kama dakika 25 kwa siku. Marko ndiyo Injili fupi kuliko zote nne, ina sura 16, na mambo yake yanakwenda mbio. Lililo muhimu kuliko yote katika utaratibu huu ni kwamba sala yako ya siku itoke kwenye kifungu ulichosoma siku hiyo. Usisome jambo moja kisha ukaomba mengine kabisa, kana kwamba Mungu hajasema kitu.

Vitu vya kuandaa

- Biblia moja utakayoisoma kila siku. Union Version ya mwaka 1952 ndiyo inayosomwa katika makanisa mengi na ndiyo wengi walikariri mistari yake, ila Kiswahili chake ni cha zamani. Biblia Habari Njema ina lugha nyepesi. Ukiweza kuwa na zote mbili, soma moja na uifungue nyingine unapokwama. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ya Kiprotestanti 66, lakini Marko ni ile ile kwa wote.
- Daftari la kawaida la shule na kalamu. Usiandike kwenye simu. Ukishaishika simu kwa ajili ya kuandika, ujumbe mmoja ukiingia kipindi kimekwisha.
- Saa ya mezani au ya mkononi, usiitegemee simu.
- Mahali pamoja na muda mmoja. Kona ya chumba inatosha, au ngazi za nje kabla watu hawajaamka.
- Kama huna Biblia ya karatasi, pakua programu ya Biblia inayofanya kazi bila intaneti, kisha weka simu katika hali ya ndege kabla ya kuifungua.

Huhitaji kitabu cha ufafanuzi kwa wiki hizi sita. Kitakusaidia baadaye. Sasa hivi kitakufanya usome maoni ya mtu kabla hujaona mwenyewe kilichoandikwa.

Hatua kwa hatua

1. Soma Marko yote kwa mkupuo mmoja kabla ya wiki ya kwanza. Tenga saa mbili, Jumamosi mchana au siku yoyote ya mapumziko. Usiandike chochote, usisimame kutafuta maana. Lengo ni kuiona habari nzima: nusu ya kwanza Yesu yuko zaidi Galilaya na kando ya ziwa, kuanzia 8:27 (yaani sura ya 8, mstari wa 27) anawaambia wanafunzi waziwazi kwamba atateswa, na kuanzia sura ya 11 yuko Yerusalemu. Ukiruka hatua hii, vifungu vya kila siku vitakuwa vipande visivyoungana.

2. Nakili mgawanyo huu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Wiki ya 1: 1:1–13, 1:14–34, 1:35–2:12, 2:13–22, 2:23–3:6
Wiki ya 2: 3:7–35, 4:1–20, 4:21–41, 5:1–20, 5:21–43
Wiki ya 3: 6:1–29, 6:30–56, 7:1–23, 7:24–8:10, 8:11–26
Wiki ya 4: 8:27–9:13, 9:14–32, 9:33–50, 10:1–31, 10:32–52
Wiki ya 5: 11:1–26, 11:27–12:17, 12:18–34, 12:35–44, 13:1–37
Wiki ya 6: 14:1–31, 14:32–72, 15:1–32, 15:33–47, 16:1–20

Utaona mgawanyo haufuati mwisho wa sura. Namba za sura ziliwekwa karne ya 13, Marko mwenyewe hakuziandika, na mara nyingine zinakata habari katikati. Usizikate upya habari hizi hata kama siku moja ina mistari mingi. Binti Yairo na mwanamke aliyetokwa damu (5:21–43) wanasomwa pamoja kwa sababu Marko amewaweka pamoja: mwanamke ameugua miaka 12, na binti ana umri wa miaka 12. Mtini na hekalu katika sura ya 11 ni vivyo hivyo.

3. Tulia dakika mbili. Keti, fumba macho, pumua taratibu. Kisha omba kwa sentensi moja. Zaburi 119:18 inafaa sana: "Unifumbue macho yangu niyatazame maajabu yatokayo katika sheria yako." Inatosha. Usianze maombi marefu hapa, muda wake unakuja.

4. Soma kifungu mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona, maana jicho huruka maneno ambayo ulimi hauwezi kuyaruka. Mara ya pili kimya kimya, kalamu mkononi. Usizidishe kifungu hata kama unatamani kuendelea. Atakayesoma sura tano leo kwa hamu, kesho kutwa atachoka na wiki ijayo ataacha.

5. Andika majibu ya maswali matano. Majibu mafupi, mstari mmoja au miwili kila moja:
a) Ni nani wapo, na wako wapi?
b) Neno au jambo gani linarudiwa?
c) Yesu anasema nini na anafanya nini?
d) Watu wanamwitikiaje?
e) Sijaelewa nini?

Swali la (e) usiliache wazi kwa kuona aibu. Liandike, liwekee alama, uendelee. Maswali hayo ndiyo utakayompelekea katekista, mwinjilisti, mchungaji au padre wako.

Usijibu bado swali la "hili linanihusu vipi". Hapo ndipo wengi wanapojikwaa: wanakimbilia kujitafuta ndani ya kifungu kabla hawajamwona Yesu ndani yake.

6. Geuza kifungu kuwa sala. Dakika nane hadi kumi. Chukua ulichoandika, umrudishie Mungu kwa mpangilio huu: msifu kwa kitu kimoja ulichokiona kwa Yesu, ungama kitu kimoja ambacho kifungu kimekionyesha ndani yako, shukuru kwa kitu kimoja, omba kitu kimoja kwa ajili yako na kingine kwa ajili ya wengine. Kimoja kimoja, na ukitaje kwa jina lake. "Utubariki sote" ni rahisi kusema, lakini kesho hutajua kama ulijibiwa.

7. Andika jambo moja la kufanya kabla ya kulala. Liwe la kuonekana. Si "nitakuwa na upendo zaidi" bali "nitampigia dada mkubwa, nimwombe radhi kwa maneno ya Jumapili". Kama kifungu cha leo hakikudai tendo, andika mstari mmoja wa kukumbuka mchana kutwa. Usilazimishe.

8. Siku ya sita, pitia. Hakuna kifungu kipya. Soma daftari la wiki nzima, fidia siku uliyokosa (moja tu, si zote), kisha mweleze mtu mmoja kwa dakika tano ulichokiona: mwenzi wako, mtoto, rafiki wa kwaya, au jumuiya yako. Ukishindwa kukieleza, rudi ukakisome tena. Siku ya saba ni ya ibada pamoja na wengine, iwe Jumapili au Jumamosi kwa kadiri ya kanisa lako, na usomaji wa peke yako hauchukui nafasi yake.

Mfano kamili: Marko 10:32–52

Hii ni siku ya tano ya wiki ya nne. Kifungu kina sehemu tatu: Yesu anatabiri mateso yake mara ya tatu, Yakobo na Yohana wanaomba viti vya heshima, kisha Bartimayo kipofu anaponywa.

Katika swali la (a) utaandika: njiani kwenda Yerusalemu, kisha Yeriko, wanafunzi, umati, kipofu kando ya njia. Kwa anayesoma Union Version, "mkutano mkubwa" katika mstari wa 46 ni umati wa watu, si kikao.

Swali la (b) ndilo lenye utajiri hapa. Mstari wa 36 Yesu anawauliza wana wa Zebedayo: "Mwataka niwafanyie nini?" Mstari wa 51 anamwuliza Bartimayo: "Wataka nikufanyie nini?" Swali ni lile lile, siku moja ya kusoma, majibu mawili. Wale waliotembea naye muda wote wanataka kuketi kulia na kushoto kwake katika utukufu. Aliyeketi mavumbini anataka kuona. Usipoandika, utapita hapo bila kugutuka. Na ukiangalia nyuma kwenye 8:22–26 utakuta kipofu mwingine, wa Bethsaida. Kati ya vipofu hao wawili Yesu ametabiri kifo chake mara tatu, na mara zote wanafunzi hawakuona alichomaanisha.

Swali la (c): anasimama. Yuko njiani kwenda kufa, umati unasonga, naye anasimama kwa sababu ya sauti ya ombaomba. Swali la (d): wengi wanamkemea anyamaze, Bartimayo anazidi kupaza sauti, anatupa vazi lake, na mwisho "akamfuata njiani", yaani njia ile ile ya Yerusalemu.

Sasa sala. Sifa: Bwana, hukumpita mtu ambaye wengine walimwona kero. Toba: nimekuwa miongoni mwa waliokemea, na hapa umtaje uliyemnyamazisha, labda mtoto, labda mfanyakazi wa nyumbani. Shukrani: mtaje mtu aliyekuambia "jipe moyo, inuka". Ombi: jibu swali la Yesu kwa sentensi moja, "Nataka nipate...", uimalizie kwa ukweli hata kama jibu lako linafanana zaidi na la Yakobo na Yohana. Akijua unachotaka hasa, anaweza kukufundisha pia namna ya kutaka. Kwa wengine: yule anayeita na hakuna anayemsikia.

Maombi kwa ajili ya wengine

Weka ukurasa wa mwisho wa daftari kwa majina, yasizidi matatu kwa siku. Mpangilio unaofaa watu wengi: Jumatatu nyumbani, Jumanne ndugu na majirani, Jumatano wagonjwa na wafiwa, Alhamisi kazini au shuleni pamoja na wenye mamlaka (1 Timotheo 2:1–2), Ijumaa kanisa na watumishi wake. Andika tarehe mbele ya ombi, na uache nafasi ya kuandika lilivyoishia.

Siri ya mtu iandike kwa herufi ya kwanza tu ya jina lake. Na usiipeleke kwenye kikundi cha maombi bila ruhusa yake. Umbea uliovikwa ombi umewaumiza wengi na kuwafukuza kanisani.

Makosa yanayojirudia

Kufungua Biblia popote na kuweka kidole. Mstari utakaoangukia unaweza kuwa wa faraja, unaweza kuwa habari ya kifo cha Yuda. Hakuna mahali ambapo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake kusoma Maandiko hivyo.

Kuchukua mstari mmoja na kuacha jirani zake. Marko 11:24 inasema lolote mwombalo mkisali, aminini kwamba mnalipokea. Unapendwa sana, na ni neno la Yesu kweli. Lakini 11:25, sentensi inayofuata, inaamuru kusamehe kila usimamapo kusali. Na katika 14:36 Yesu mwenyewe, mwenye imani kuliko sote, anaomba kikombe kiondolewe, kisha anasema "si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe". Kikombe hakikuondolewa. Yeyote anayekuambia hukupata kwa sababu imani yako ni ndogo, mwombe asome mistari hiyo mitatu pamoja nawe.

Kuacha dawa. Marko 5:26 inasema yule mwanamke aliteswa na matabibu wengi, na wapo wanaoutumia mstari huo kuwaachisha watu dawa za presha, kisukari au ARV. Marko anaeleza shida ya mwanamke mmoja, hatoi amri. Omba, na uendelee na dawa zako kama daktari alivyoelekeza. Vivyo hivyo na maneno ya 16:18 kuhusu kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha: usijaribu, wala usimruhusu mtu akujaribie.

Kushindana na dakika. Anayetangaza kwamba anasali saa tatu kila usiku asikutie hofu. Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana kwenda kuomba (1:35), na Marko hakuandika aliomba kwa muda gani.

Ukikwama

Ninasinzia. Kama unasoma usiku kitandani, sababu ni hiyo. Hamia kwenye kiti, au hamishia kipindi asubuhi baada ya kunawa uso. Kwa mwenye zamu za usiku, soma baada ya kuamka, saa yoyote iwayo.

Akili inatangatanga. Weka karatasi pembeni. Kila linalokujia, "mchele umekwisha", "ada ya mtoto", liandike neno moja na urudi. Ukikuta jambo lile lile linarudi kila siku, liingize kwenye sala, maana ndilo linalokulemea. Kusali kwa sauti kunasaidia pia.

Nimekosa siku nne. Usifidie zote. Anza na kifungu cha siku uliyoishia, sogeza ratiba mbele. Wiki sita zikiwa nane hakuna ubaya.

Sina dakika 25, nina mtoto mchanga. Chukua kumi: soma mara moja kwa sauti, jibu swali la (c) peke yake, sali sentensi tatu. Mtoto akilia, ombi la siku limepatikana.

Maneno ya sala yananiishia. Sali Baba Yetu (Mathayo 6:9–13) polepole, ukisimama kila sentensi. Au azima Zaburi: ya 13 ukiwa umechoka kungoja, ya 51 ukiwa na hatia, ya 103 ukiwa na shukrani, ya 130 ukiwa shimoni. Na ndani ya Marko yenyewe kuna sala ya baba aliyekuwa amechoka, 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Siku ngumu, hiyo moja inatosha.

Sijisikii chochote. Endelea. Ukavu wa wiki moja au mbili ni kawaida na haumaanishi umekataliwa. Lakini kama unakosa usingizi, chakula hakipiti, au unafikiria kujidhuru, hilo si la kukabiliana nalo peke yako na daftari. Mwambie mtu wa karibu leo hii na ufike kituo cha afya.

Biblia yangu haina 9:44 na 9:46, je, wameondoa maneno ya Mungu? Ujumbe wa namna hii husambazwa sana kwenye WhatsApp na kuwatisha watu. Nakala za mkono za zamani zaidi za Marko hazina mistari 7:16, 9:44, 9:46, 11:26 na 15:28, hivyo matoleo mengine huiweka kwenye mabano au maelezo ya chini. Fundisho halijapotea: 9:44 na 9:46 zinarudia maneno ya 9:48, yaliyo ya 11:26 yapo Mathayo 6:15, na ya 15:28 yapo Luka 22:37. Kwa sababu hiyo hiyo utaona alama kwenye 16:9–20. Nakala mbili maarufu za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia 16:8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu. Soma yote, ila siku hiyo kaa kwanza na mistari minane ya mwanzo. Habari ya kufufuka tayari iko humo, katika mstari wa 6.

Mwenzi wangu si Mkristo, au hataki. Soma kabla hajaamka au akiwa hayupo, usisome kwa kumsimanga. Jambo la kufanya la hatua ya 7 ndilo atakaloliona.

Siwezi kusoma maandishi madogo, au bibi yangu hajui kusoma. Tumia Biblia ya kusikiliza. Sikiliza kifungu mara tatu badala ya mbili, na maswali matano yajibiwe kwa mdomo. Mjukuu anaweza kuandika.

Nimemaliza Marko, sasa? Pumzika wiki moja na Zaburi 120 hadi 134, ambazo ni fupi na zinasomeka mbili au tatu kwa siku. Kisha chukua Luka (sura 24) na baada yake Matendo ya Mitume (sura 28), kwa maswali yale yale matano. Mwanzo na Kutoka utavirudia baada ya hapo, na ukifika kwenye vipimo vya hema, kumbuka pazia la hekalu lililopasuka katika Marko 15:38 na uendelee kusoma.